Masentaa wa Afrika waliocheza NBA: nawapanga hapa, na Mutombo namweka juu ya Embiid

Mzee wa Ringi, Mbeya

Wakuu habari za baridi. Jumamosi tulikuwa uwanjani kwetu huku Mbeya, ule wa simenti ambao ringi moja imepinda na nyavu hamna tangu mwaka juzi, tukamaliza saa kumi na mbili jioni vidole vimeganda mpira wenyewe haushikiki, basi tukakaa pembeni tunakunywa chai ndo mabishano yakaanza. Dogo mmoja akasema sentaa (yule mrefu anayecheza karibu na ringi) bora wa Afrika wa muda wote ni Embiid, mwingine akasema Mutombo, watu wakapaza sauti nusu saa nzima na katika vijana wote pale hakuna hata mmoja aliyemtaja Hakeem Olajuwon. Iliniuma kweli. Nikasema hapana, hii naiandika, nikiwa na bando la usiku niiandike yote.

Kwanza tuelewane nani anaingia. Nahesabu mtu aliyezaliwa Afrika, akaushika mpira wa kikapu mara ya kwanza akiwa huku huku Afrika, na NBA, ile ligi kuu ya kikapu ya Marekani, akacheza sentaa. Kwa hiyo Wembanyama hayumo, najua baba yake ana asili ya Kongo lakini yule ni mtoto wa Ufaransa. Michael Olowokandi aliyechukuliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti (timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu) ya 1998 alizaliwa Lagos ila amekulia London na kikapu amejifunzia Uingereza, hayumo. Serge Ibaka wa Brazzaville nampenda sana, ana pete ya ubingwa ya 2019 na Toronto, lakini miaka yake bora pale Oklahoma City alikuwa anacheza namba nne, yule msaidizi wa sentaa, sio sentaa. Msinigombeze kwa hilo.

Halafu kipimo changu. Mimi sentaa naangalia miguu kwanza. Urefu unakupeleka mpaka mlangoni, miguu ndo inakuingiza ndani. Na naangalia kama mtu alikuwepo kazini, maana sentaa ndo nguzo ya nyumba, nguzo ikitoka leo ikarudi mwezi ujao nyumba inakuwa imeshalala.

Namba moja ni Hakeem na hapa sishuki. Amezaliwa Lagos mwaka 1963, utotoni alikuwa kipa wa mpira wa miguu na akicheza mpira wa mikono, kikapu amekianza ujanani, wenzake Marekani wameshakicheza miaka kumi. Chuo akasoma Houston, na 1984 timu ya Houston ikamchukua wa kwanza kwenye drafti ambayo Michael Jordan alichukuliwa wa tatu. Mwaka 1994 alikuwa mchezaji bora wa ligi, mlinzi bora wa mwaka na mchezaji bora wa fainali, vyote vitatu ndani ya msimu mmoja, na mpaka leo hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Bloku, yaani mipira ya wapinzani aliyoizuia ikirushwa, 3,830, wa kwanza kwenye historia ya ligi tangu waanze kuzihesabu msimu wa 1973-74. Tarehe 29 Machi 1990 dhidi ya Milwaukee alipata pointi 18, ribaundi (mipira iliyokosa ringi akaidaka) 16, bloku 11 na asisti (pasi za kufungia) 10. Usiku mmoja!

Ila ukitaka kumjua Hakeem achana na hesabu, tafuta mechi za mtoano wa 1995. Houston walimaliza wa sita ukanda wa magharibi, hakuna aliyewahi kuchukua ubingwa akitokea chini hivyo. Fainali ya ukanda wakakutana na San Antonio ya David Robinson, ambaye ndo kwanza amechaguliwa mchezaji bora wa ligi. Kabla ya mechi ya pili Robinson akakabidhiwa kikombe chake pale uwanjani, Hakeem anaangalia. Usiku ule Hakeem akamfunga 41. Na sio kwa nguvu, Robinson alikuwa na mwili na kasi kumzidi karibu kila mtu, alimfunga kwa miguu, huku bega linaenda kushoto mtu anaenda kulia, Robinson anaruka peke yake kama anayedaka nzi. Mfululizo mzima Hakeem alikuwa na wastani wa pointi 35.3. Baada ya hapo akakutana na Shaquille O'Neal kijana, mzito, wa Orlando, Houston wakamfunga mechi nne bila. Mwaka mmoja nyuma alishampita Patrick Ewing fainali ya mechi saba, na mechi ya sita sekunde za mwisho Houston wako juu 86 kwa 84, John Starks anaachia pointi tatu ya kuchukua ubingwa, Hakeem anatoka kule ndani mpaka nje anaugusa mpira kwa ncha za vidole. Sentaa! Katoka kumzuia mpigaji wa nje! Ewing, Robinson, Shaq, wote wamepita mkononi mwake ndani ya miaka miwili.

Na Ramadhani alikuwa anafunga na mechi anacheza. Februari 1995 ilikuwa na mfungo na akawa mchezaji bora wa mwezi.

Namba mbili Dikembe Mutombo, Mungu amrehemu, ametutoka tarehe 30 Septemba 2024 kwa saratani ya ubongo akiwa na miaka 58. Mtoto wa Kinshasa, alienda chuo cha Georgetown akiwa na ndoto ya udaktari. Mlinzi bora wa mwaka mara nne, 1995, 1997, 1998 na 2001, hakuna aliyezidi nne. Bloku 3,289, wa pili nyuma ya Hakeem. Maana yake bloku za kwanza na za pili kwenye historia nzima ya ligi ile ni za watoto wa Afrika, hebu kaeni na hilo kidogo. Mwaka 1994 akiwa na Denver, waliingia mtoano wakiwa wa nane ukanda wao, wakakutana na Seattle wa kwanza walioshinda mechi 63, wakafungwa mbili za kwanza, watu wameshawazika, wakashinda tatu mfululizo. Ilikuwa mara ya kwanza timu ya nane kumtoa wa kwanza. Mutombo alitoa bloku 31 kwenye mechi tano, na ile picha amelala sakafuni kaukumbatia mpira anacheka, mimi nimeiweka kwenye simu. Amecheza misimu 18, mechi 1,196.

Namba tatu Joel Embiid wa Philadelphia. Nne Manute Bol, tano Bismack Biyombo wa Lubumbashi, Mswahili mwenzetu kabisa, ambaye 2016 akiwa Toronto aliokota ribaundi 26 kwenye mechi moja ya fainali ya ukanda dhidi ya Cleveland ya LeBron. Bol naye urefu wake futi 7 na inchi 7, ndo mchezaji ambaye bloku zake ni nyingi kuliko pointi zake, 2,086 kwa 1,599. Msimu wake wa kwanza tu alitoa 397.

Hasheem Thabeet wetu nitamsemea baadaye, najua mtauliza. Uwanja ni wenu.

Kihesa Kwetu, Iringa

Kamwene mkuu. Uzi mtamu ila pale kwa Embiid umemuonea. Mchezaji bora wa ligi 2023, mfungaji bora misimu miwili mfululizo, wastani wa pointi 30.6 halafu 33.1, sentaa kuongoza ufungaji zama hizi za pointi tatu ni jambo kubwa. Januari 2024 kawafunga San Antonio pointi 70, kavunja rekodi ya klabu iliyokuwa ya Wilt Chamberlain ya 68. Mutombo maisha yake yote wastani wake pointi 9.8. Tisa, mkuu! Hata wewe umesema unapima miguu, sasa kati ya hao wawili nani ana miguu? Embiid anageuka kama mchezaji mwepesi wa nje, wa namba mbili. Mutombo alikuwa anageuka kama lori la mbao pale Mafinga. Kwa kipimo chako mwenyewe umeshindwa.

Dada wa Uyole

Mimi nacheza sentaa, timu yetu ya wanawake, kwa hiyo naomba niseme kitu ambacho wanaume mnakiruka. Mnahesabu bloku. Bloku ni ile iliyoguswa tu. Kuna ile mtu anaingia ndani mbio, anaona aliyesimama pale ni Mutombo, anageuza anarudisha mpira nje, hiyo haiandikwi popote. Sisi wenyewe huku tukicheza na timu yenye dada mrefu mmoja tu anayejua kusimama, wafungaji wetu wote wanaanza kurusha kutoka mbali na kwa baridi ile na mpira umelowa hakuna anayefunga. Pointi 9.8 za Mutombo zinadanganya, hesabuni na zile alizofuta.

Ila Kihesa yuko sahihi kwamba Embiid naye analinda vizuri akiwa mzima. Tatizo langu na Embiid ni hilo neno, akiwa mzima.

Mzee wa Ringi, Mbeya

Kamwene Kihesa. Hoja yako nimeilalia, naijibu yote.

Miguu ni miwili kaka. Kuna miguu ya kushambulia na kuna miguu ya kulinda. Ya kushambulia nakupa Embiid mchana kweupe, hata Mutombo mwenyewe asingebisha. Embiid kaanza kikapu na miaka 15 Yaoundé, alikuwa mtu wa voliboli, akapewa video za Hakeem akaziangalia mpaka akaziiga, unaona kabisa ule mgeuko umetoka wapi. Ila miguu ya kulinda ni kitu kingine. Ni kujua lini usiruke. Mutombo anamwacha mtu aingie, anarudi hatua moja ndogo, mbili, mikono juu, haruki mpaka mpira utoke mkononi. Kwa urefu ule futi 7 na inchi 2 hakuhitaji kuruka sana, alihitaji kuwa mahali sahihi nusu sekunde kabla. Hiyo ni kazi ya miguu.

Na sasa nguzo. Embiid aliingia drafti ya 2014, misimu miwili ya kwanza hakucheza hata mechi moja kwa sababu ya mguu, na mpaka mwisho wa msimu wa 2024-25 alikuwa na mechi 452. Misimu kumi na moja hiyo, yaani ni kama nusu. Msimu huo wa mwisho kacheza 19 tu. Simlaumu, hakuna mtu anayejivunja makusudi, na 2024 alimfunga New York pointi 50 kwenye mtoano huku upande mmoja wa uso umepooza, huyo ni mwanaume. Lakini kumpanga mtu sio kumpa pole. Kwa misimu yote hiyo hakuwahi kufika fainali ya ukanda. 2019 Kawhi Leonard wa Toronto kaachia mpira ukadunda mara nne juu ya ringi ukaingia, Embiid katoka analia, na mimi nilikuwa macho usiku ule na nilinyong'onyea. 2023 mechi ya saba na Boston, mwaka wake bora, kafunga pointi 15 tu, mitupo 5 kati ya 18.

Mutombo alifika fainali 2001 na Philadelphia hiyo hiyo, akafika tena 2003 na New Jersey. Pete hana, sawa. Lakini timu zilimtafuta mpaka anazeeka, 2009 ana miaka 42 bado yuko Houston.

Makambako Stendi

Nawasoma tu wakuu. Mutombo na hospitali yake Kinshasa je, hamuihesabu? Vitanda 300, imebeba jina la mama yake, ilifunguliwa 2007.

Mzee wa Ringi, Mbeya

Makambako hiyo nampa heshima ya mtu, kwenye orodha ya kikapu siiingizi. Ningeiingiza angempita hata Hakeem.

Tukuyu Mvua

Haya mzee, umeahidi Hasheem. Sisi wengine kikapu tumekipenda kwa ajili ya yule mtu, nakumbuka 2009 nipo sekondari huku Rungwe mvua haikatiki, taarifa ya habari ikatangaza Mtanzania kachukuliwa wa pili NBA, darasa zima lilishangilia na nusu yetu hatujui hata kikapu kina wachezaji wangapi uwanjani. Mbona hayumo hata kwenye tano? Alikuwa na bahati mbaya tu.

Mzee wa Ringi, Mbeya

Mdogo wangu hapo umenigusa, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Wa pili! Nyuma ya Blake Griffin, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu, mbele ya Stephen Curry wa saba. Mtoto wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, Mtanzania wa kwanza kucheza ile ligi, na hilo hakuna atakayelifuta.

Lakini nikimpanga kwa mapenzi nitakuwa nawadanganya vijana. Mechi 224, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Gorgui Dieng wa Senegal tu amefanya zaidi ya hapo. Kwa hiyo namba simpi, nampa maelezo, maana maelezo yake ndo yenye faida kwetu.

Chuo Connecticut alikuwa ukuta, 2009 wamefika nusu fainali ya taifa, na alitunukiwa mchezaji bora wa ligi yao pamoja na DeJuan Blair. Kule alisimama chini ya ringi akanyoosha mikono na ikatosha, kwa sababu vijana wa chuo warefu vile ni wachache. Kafika Memphis, mbele yake yupo Marc Gasol, mzito, mwenye akili ya mchezo, pembeni Zach Randolph anayesukuma kama trekta. Hasheem akiruka kila feki, mtu akijifanya anarusha, ni faulo, faulo mbili za haraka anarudi benchi, na mtu hajifunzi akiwa benchi. Katikati ya msimu wa kwanza wakampeleka ligi ya chini. 2011 wakambadilisha na Shane Battier wa Houston, halafu Portland, halafu Oklahoma City mpaka 2014.

Watu wanasema kachelewa kuanza, miaka 15. Embiid pia 15! Hakeem naye alianza kijana! Tofauti naiona hapa: Hakeem alikuja na miguu ya kipa, Embiid na miguu ya voliboli. Walishafundishwa kugeuka na kusimama na kupima mtu kabla ya kushika mpira wa kikapu. Hasheem alikuja na urefu, na kila mahali alipopita, urefu ulitosha, mpaka siku ulipokutana na watu ambao hautoshi kwao, na siku hiyo ameshalipwa mamilioni na kila mtu anamwangalia. Bahati mbaya ipo, Tukuyu, sikatai, angeanguka kwenye timu isiyo na Gasol labda angepewa dakika za kukosea. Ila miguu haipewi na bahati.

Kihesa Kwetu, Iringa

Hapo kwa Hasheem umesema kweli na imeniuma. Embiid bado namweka wa pili mimi, sibadili, mtu wa 33.1 siwezi kumweka chini ya mtu wa 9.8 hata mnipigie magoti. Ila ile hoja ya Dada wa Uyole ya pointi zilizofutwa imenikaa kichwani, nimerudi kuangalia mechi ya tano ya Seattle na ni kweli, dakika za nyongeza wale jamaa wanafika ndani wanarudi.

Nina swali lingine nje ya orodha. Hapa mtaani kuna dogo wa miaka 14, mita moja na tisini na kitu, kila timu ikimchukua mwalimu anamwambia simama chini ya ringi inua mikono. Baada ya uzi huu naona kabisa tunamuharibu. Ule mgeuko wa Hakeem, wenyewe wanauita Dream Shake, unafundishwaje kwa mtoto?

Dada wa Uyole

Mimi nilifundishwa hivi kaka, bila mpira kwanza. Chukua chaki, chora kwenye simenti duara mbili ndogo, upana wa mabega. Dogo ageuzie ringi mgongo, upande wa karibu na mstari wa mwisho. Aruke kidogo atue miguu yote miwili kwa pamoja kwenye duara, sio mmoja mmoja, akitua pamoja anaruhusiwa kuchagua mguu wowote uwe wa kuzungukia. Hapo tu afanye wiki nzima. Watoto wanaona inachosha, mwambie avumilie.

Mzee wa Ringi, Mbeya

Naongezea kwa dada. Wiki ya pili mpe mpira, na wewe simama nyuma yake umwegemee kidogo asikie uzito. Aonyeshe bega na mpira kuelekea katikati kama anataka kurusha kwa mkono mmoja, na aonyeshe kweli, macho pia yaende huko, asifanye haraka, maana feki ya haraka mlinzi haioni kwa hiyo hadanganyiki. Ukiegemea tu, azungukie upande wa mstari wa mwisho kwa mguu ule ule aliouchagua. Akishakuwa ameangalia ringi ainue mpira kama anarusha, usiporuka arushe, ukiruka apige hatua na ule mguu mwingine apite chini ya mkono wako na aweke. Mguu wa kuzungukia unaweza kunyanyuka, ila mpira utoke mkononi kabla haujagusa chini tena, la sivyo ni kutembea, na marefa wetu huku hilo wanalipuliza haraka sana.

Mara ishirini kila upande. Na upande wa kushoto aanze nao yeye, kabla hajachoka.